Makasha ya Chuma ya Mistri Lalji

Kasha la kwanza la chuma nililosaidia kulishusha kwenye gari la ng'ombe liliniponda kidole gumba, na ukucha ulioota baadaye haukunyooka tena. Nawaonyesha kidole hicho kwanza, ninyi vijana mliobaki karakana, kwa sababu mliponiaga mwezi uliopita mliniomba niwaandikie juu ya kazi yetu, hasa lile swali ambalo wateja hawachoki kuliuliza: nikitaka sefu ya kuweka nyumbani, nichague ipi? Nitawajibu. Lakini siwezi kujibu bila kumtaja aliyenifundisha, na nikimtaja yeye kalamu inakuwa nzito. Mtanivumilia.

Sisi hatukusema sefu, tulisema kasha la chuma. Ulikuwa wakati wa Wajerumani, Arusha ikiwa bado ni boma jeupe, safu ya maduka ya Wahindi na Wagiriki, na njia ya vumbi iliyogeuka tope mara mawingu ya Meru yalipoamua kushuka. Mimi ni mtu wa Akeri. Nyumbani tulikuwa na migomba na ng'ombe wachache, nami nilikuwa nimemaliza masomo ya misheni, kijana mzima mwenye nguvu nyingi na kazi hana. Baba alisikia kuwa mjini kuna fundi wa vitasa anayetafuta msaidizi wa kuinua vitu vizito. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanigeuzia mgongo, akarudi kwa ng'ombe wake.

Fundi huyo alikuwa Mistri Lalji, maana kwao fundi huitwa mistri, Mhindi wa Kachi, mrefu na mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Chumba cha mbele kilikuwa duka, makasha yamepangwa ukutani kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Nyuma yake ilikuwa karakana, na nyuma ya karakana nyumba alimokaa na mkewe. Hawakuwa na watoto. Huyo mkewe mji mzima tulimwita Mama Mistri.

"Shikamoo, Mistri," nilisema.

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Nikamnyooshea. Akaitazama viganja na mgongo, kama anayenunua.

"Mikono ya jembe," akasema. "Haina haraka. Kaa."

Akaniwekea mbele sahani ya bati yenye kitasa alichokifungua chote: springi, vijiti, misumari midogo, bamba la uso. "Kirudishe kilivyokuwa," akasema, akaenda kula chakula chake. Nilihangaika nacho mchana kutwa. Aliporudi kukiangalia, ufunguo uliingia lakini haukuzunguka.

"Springi umeiweka kichwa chini," alisema. "Lakini hukulazimisha. Aliyekutangulia alilazimisha kwa nyundo, na sasa yuko Moshi anauza chumvi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mama Mistri aliniletea chai yenye tangawizi nyingi mpaka machozi yakanitoka, akadhani nalia kwa furaha. Sikumsahihisha.

Ngoja niseme jinsi makasha yalivyofika, maana ninyi mmezoea malori. Yalikuja kwa meli mpaka Tanga, kwa treni mpaka Moshi, kisha kwa gari la ng'ombe la Kaburu mmoja ambaye hakupenda kusema neno ila kwa maksai wake. Mito yote kati ya Moshi na Arusha ilikuwa inatusubiri. Mara moja, kwenye kivuko cha Usa, gari liliinama na kasha kubwa kuliko yote likateleza taratibu likaingia majini. Tulilitoa kwa kamba, miti na maneno ambayo sikufundishwa misheni. Lilipokauka, Mistri aliweka ufunguo, akauzungusha, mlango ukafunguka kama kwamba hakuna kilichotokea. Alifurahi kama mtu aliyezaliwa upya. "Hili sitaliuza rahisi," akasema. Na kweli hakuliuza kamwe. Lilibaki dukani kuonyesha watu.

Sasa juu ya kuchagua. Mteja akiingia, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupapasa rangi. Wote walifanya hivyo, Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Kulikuwa na makasha yaliyochorwa maua mlangoni kwa rangi ya dhahabu, na hayo ndiyo yaliyopapaswa zaidi. Mistri aliwaacha wapapase mpaka wachoke, kisha akauliza, "Unaogopa nini?"

Wengi walichukia. Walikuja kununua, hawakuja kuungama. Lakini swali lilikuwa la kazi. Anayeogopa mwizi anahitaji kitu kimoja, anayeogopa moto anahitaji kingine, na anayeogopa ndugu wa mkewe hana haja ya kasha, ana haja ya kuhama. Kwa mwizi, Mistri aliangalia makomeo: yatoke pande zote za mlango, hata upande wa bawaba, ili bawaba zikikatwa mlango usitoke. Aliangalia kama chini kuna matundu ya kulifunga kwenye sakafu kwa bolti, tena kwa kutokea ndani, kwa sababu kasha lisilofungwa ni mzigo tu, na watu wanne wenye kamba hubeba mzigo. Kwa moto, aligonga ukuta wa kasha kwa vifundo vya vidole. Likilia kama debe, ni bamba moja tu. Likinyamaza, basi kuna kuta mbili, na katikati wamejaza majivu au unga wa mawe unaozuia joto. Alinishika mkono akanigongesha kila kasha dukani mpaka nikajua tofauti hata nikifumba macho. Bado naijua. Mke wangu hakosi kunicheka ninapogonga kabati la watu tukienda kutembea.

Juu ya ufunguo alikuwa mkali. Ufunguo wa pili usilale nyumba moja na wa kwanza. Na mahali pa kuweka kasha pasiwe chumba cha wageni, ambako kila mtu anataka lionekane. "Wakitaka lionekane," alikuwa akinong'ona mteja akishaondoka, "wangenunua saa ya ukutani."

Siku moja alikuja mzee wa Kiarusha kutoka Kisongo, amevaa shuka, fimbo mkononi, na vijana wake wakasimama nje. Alisikia kuwa kwa Mhindi kuna chombo cha kulinda mali. Mistri akamfungulia lile kasha kubwa lililotumbukia mtoni. Mzee akaingiza kichwa ndani, akachungulia kona zote, akatoka.

"Ni zuri," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Lakini ng'ombe wangu ataingia miguu tu."

Mistri alicheka mpaka akavua miwani. Walikaa mlangoni wakazungumza mchana mzima juu ya mazizi, miiba ya boma, na jinsi simba anavyopima ukuta kabla ya kuruka. Baada ya hapo mzee yule alikuwa akituletea maziwa kila alipopita, na Mistri alisema huyo ndiye mteja pekee aliyejibu swali lake sawasawa siku ya kwanza.

Kesi iliyoniumiza ilikuwa ya bwana mmoja Mgiriki na mkewe, wenye shamba la kahawa upande wa Usa River. Walikuja pamoja. Bibi alikuwa kijana bado, amevaa nguo nyeusi. Bwana alipenda kasha la maua ya dhahabu. Mistri akaligonga mbele yao, likalia kama debe. Akasema kwa upole, "Bwana, nyumba yako imeezekwa nyasi. Chukua lile la kijivu."

"Lile la kijivu linatisha," bwana alisema. "Mke wangu ana majonzi ya kutosha. Nataka kitu kizuri ndani ya nyumba."

Tukalipeleka la maua nyumbani kwao, tukalifunga sakafuni vizuri kabisa. Bibi alifungua kifurushi cha hariri, akaweka ndani picha ya mtoto mdogo wa kike aliyekaa kwenye kiti kikubwa. Hakuweka kitu kingine. Akafunga mwenyewe, akaupapasa mlango.

Kiangazi kile moto wa kusafishia shamba la jirani uliruka. Tuliitwa kulifungua kasha, kwa kuwa mlango ulikuwa umepinda kwa joto na ufunguo haukuingia. Nyumba haikuwepo tena. Kasha lilisimama peke yake katikati ya majivu, maua yote yametoka. Mistri alifanya kazi kwa keekee na mtaimbo, akitoboa na kubandua. Bibi alisimama karibu sana, hata nikaogopa cheche zitamrukia. Mlango ulipofunguka, ndani mlikuwa na hariri nyeusi iliyokauka kama jani, na ndani ya hariri kitu cheusi kilichojikunja. Alipokigusa kilivunjika.

Mistri aliweka vifaa chini. Hakusema, "Nilikwambieni." Alikaa kwenye majivu karibu na yule bibi, na kanzu yake nyeupe, akamwuliza jina la mtoto. Bibi akamtajia. Akamwuliza alikuwa akipenda kula nini, alikuwa akilia kwa sauti gani, nywele zake zilikuwaje. Bibi akajibu yote, mwanzo kwa shida, kisha maneno yakamwagika, na bwana naye akaja akakaa. Nilishika ng'ombe wa gari kwa mbali, nikasikia hata wakicheka kidogo juu ya jambo mtoto alilomfanyia kuku.

Tukirudi, Mistri alisema, "Makasha yale ya maua, kesho tutayatoa mlango tuyafanye ya kuwekea nafaka." Tukafanya hivyo. Walionunua walisema panya hawaingii kabisa.

Kisha vita vikaja. Vilikuja kwa habari kwanza, vikaja kwa bei ya chumvi, halafu vikaja dukani kwetu. Wahindi walihesabiwa kuwa watu wa Mwingereza, na Mwingereza sasa alikuwa adui. Asubuhi moja askari waliingia, wakamwambia Mistri achukue blanketi na chakula cha njiani. Alikuwa ana kitasa kimebanwa kwenye jiriwa. Alimaliza kukaza alichokuwa anakaza, akakifungua kwenye jiriwa, akanipa.

"Cha mzee wa sokoni," akasema. "Anakuja kukichukua."

"Wanakupeleka wapi, Mistri?"

"Bara. Hawasemi." Alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni mwa nyumba ameshika shela yake kwa meno ili mikono iwe huru kumfungia mkate. Kisha akanitazama mimi. "Mama yako huyu."

Ni maneno matatu tu. Sikuyachukua kama amri, niliyachukua kama habari. Tangu siku hiyo nililala dukani, na asubuhi Mama Mistri alinipa chai yake ya moto ya tangawizi, ambayo sasa niliinywa bila machozi, naye alilia kwa niaba yangu.

Duka lilikaa hivyo, wateja wachache, chuma kikiisha. Halafu Wajerumani walianza kurudi nyuma, na Waingereza walikuwa hawajafika, na mji ukabaki kwa muda bila mwenyewe. Hapo ndipo Mama Mistri aliponiita jikoni. Juu ya kitambaa alikuwa ametandaza vitu vyake vya arusi: bangili, mkufu, vipuli, na pini ya puani ndogo kama punje ya mtama.

"Anaeli, mwanangu," alisema, "akirudi akiwa mgonjwa, hivi ndivyo vitakavyomtibu. Asiporudi, hivi ndivyo vitakavyonifikisha kwa ndugu zangu. Sina kingine. Nyumba imejaa makasha. Nichagulie moja."

Vijana, nilikuwa nimeuza makasha miaka yote ile. Nilijua kila kitasa. Nikasimama dukani nikayatazama moja moja, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza mimi mwenyewe kile alichokuwa akiwauliza wengine. Sikuogopa moto. Sikuogopa mwizi wa kawaida, anayekuja na kuondoka. Niliogopa watu wenye bunduki na nafasi ya kutosha, ambao wangeona mlango uliofungwa na kumpiga yule mama mpaka autoe ufunguo. Kasha zuri kuliko yote lingekuwa ndilo la kumwua.

Nilimweleza hivyo. Akasema, "Basi asije mtu akakuta mlango uliofungwa."

Tulichagua kasha dogo kuliko yote, la kijivu, ukubwa wa mkoba wa nguo, lenye kuta mbili na komeo pande zote. Nilichimba sakafu ya jikoni pale mitungi ya maji ilipokaa, nikaliweka chini juu ya jiwe, mlango ukitazama juu, nikalifunga kwa bolti. Tukalifunika kwa udongo na samadi ya ng'ombe kama sakafu ya kwetu Meru, Mama Mistri mwenyewe akiilainisha kwa kiganja, yeye ambaye hakuwahi kugusa samadi. Mitungi ikarudi juu, na maji yaliyodondoka yakafanya pale mahali paonekane pa zamani. Kisha nikaenda dukani nikafungua milango ya makasha yote, makubwa kwa madogo, nikaiacha wazi na funguo zikining'inia vitasani.

Walikuja mchana kweupe. Wengine walivaa nusu ya nguo za jeshi, na siwezi kusema walikuwa wa upande gani. Nadhani hata wao hawakujua tena. Waliona makasha yamepanuka kama vinywa, matupu. Mmoja alipiga teke moja, akaumia mguu, nami sikuthubutu kutabasamu. Walichukua nyundo, kitambaa, kibuyu cha mafuta. Mwenye mguu unaouma akaingia jikoni, bunduki imemtangulia.

"Dhahabu iko wapi? Wanawake wa Kihindi wana dhahabu. Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo wa nini, mwanangu?" Mama Mistri alisema. "Kila kitu kiko wazi. Walikutangulia wengine." Akamtazama usoni. "Midomo yako imepasuka. Umekunywa maji leo?"

Yule mtu akasita. Mama Mistri akachukua kata, akachota mtungini, akampa. Alikunywa, akaomba tena, akawaita wenzake. Wakaja wote wakasimama pale pale juu ya sakafu ile, viatu na miguu mitupu, wakinywa zamu kwa zamu na maji yakiwadondoka kifuani. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Yule wa kwanza alirudisha kata kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri kwao. "Asante, mama," akasema. Wakaondoka.

Mama Mistri aliosha kata. Aliiosha muda mrefu sana.

Mistri alirudi vita vilipokwisha. Alikuja akishikilia nyuma ya gari la ng'ombe, na nilimpita barabarani bila kumjua, mpaka akaniita jina. Alikuwa amebaki mifupa na kikohozi. Siku ile ile, kabla hajalala, alitaka kuona. Tukaondoa mitungi, nikachimba, nikafungua. Vyote vilikuwemo. Mkewe alilia; yeye alipiga magoti kwa shida, akapapasa bawaba kwa kidole.

"Umeliweka bawaba upande wa ukuta," alisema. "Mlango hauwezi kufunguka wote."

"Ndiyo, Mistri."

"Siku nyingine uligeuze." Kisha akanishika kichwani kwa mkono wake uliokuwa mwepesi kama kijiti, akauacha hapo.

Kikohozi hakikupona. Baadhi ya bangili zililipa nauli ya kwao, ambako walisema kuna waganga wa kifua. Aliniachia karakana yote. Alisema atarudi mvua za masika zikipita. Miaka ilipopita, mfanyabiashara mmoja wa Tanga aliniambia Mistri alifariki huko huko, nyumbani kwa kaka yake, na mkewe yuko salama. Hayo mnayajua, maana nimewaeleza wengi wenu. Lakini siku ya Moshi sijamweleza mtu.

Niliwasindikiza mpaka stesheni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu Tengeru mpaka daraja la mwisho. Nilitaka kumwambia kuwa baba yangu aliniacha mlangoni pake, na yeye hakuniacha. Walipanda. Mlango wa behewa lao haukushika. Mistri aliufunga, ukafunguka. Akaufunga tena, ukafunguka. Nikaona macho yake yanaamka nyuma ya miwani.

"Una bisibisi?"

"Nina."

"Komeo limelegea. Mimi nashika nati huku ndani. Wewe kaza nje."

"Iacheni treni ya watu!" Mama Mistri alisema akiwa kwenye benchi, lakini alikuwa akicheka na kulia pamoja.

Nilikaza. Filimbi ikalia. Treni ikashtuka, ikaanza kwenda, nami nikatembea nayo, bisibisi ikiwa bado kwenye bolti, kisha nikakimbia. Upande wa pili wa ubao nilisikia vidole vyake vikiizuia nati isizunguke, na kikohozi, na sauti yake: "Kidogo tena. Kidogo. Basi. Imekaa."

Mlango ulikuwa umefungwa barabara, na mimi nilikuwa nje, pale stesheni inapoishia na nyasi zinapoanza.